Mwenye Ploti na Mgomba wa Baridi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mnapenda maneno mafupi. Mwanamke ninayemwandika hakuwa mtu wa kufupishwa, na mimi sijui kufupisha. Kaeni chini msome. Mkichoka pumzikeni, halafu mrudi. Mimi pia nimechoka na bado nafanya.

Jina lake silitaji. Watu wa ile ploti yetu ya Kawangware walimwita Mwenye Ploti, hata wale waliokaa pale mpaka wakaota mvi. Vijana walimwita Shosh, yaani nyanya, wakiwa mbele yake, na majina mengine akishapita. Mimi nilimwita Mama, ingawa hakunizidi miaka mingi, kwa sababu mimi nilikuwa mpangaji na yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa geti. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waandike watoto wake wakipenda. Mimi nasema niliyoyaona nikiwa mlango wa nne kutoka kwa bomba.

Na nitasema pia nilichomficha, maana bila hicho mtashangaa kwa nini mwanamke wa umri wangu anahangaikia mgomba mmoja. Nilikuwa na kitovu cha mjukuu wangu ndani ya mkebe wa majani ya chai, na sikuwa na pahali pa kukizika. Ndiyo hiyo. Sasa tuanze na yeye.

Sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Asubuhi alitoka na leso mabegani na kofia ya sufu kichwani, akafungua bomba kwa ufunguo, akasimama hapo kama askari wa benki. Kila nyumba mitungi miwili. Ukileta wa tatu alikuwa anauangalia ule mtungi tu, wewe hakuangalii, mpaka unaona aibu unaurudisha. Watu walisema ni mchoyo. Hata mimi nilisema. Lakini wakati ule maji yalipopotea Kawangware nzima, na wenye mikokoteni wakawa wanauza maji kama wanauza maziwa, alifungua tangi lake la nyuma ya nyumba akaita kila mwenye mtoto mchanga. Alisimama hapo akitutukana mmoja mmoja tukichota. Nilipomshukuru alisema, "Chota uende. Shukrani zako hazijazi tangi."

Watoto wa wapangaji aliwaita wadudu. Aliwafukuza kwa fimbo kutoka kwa ngazi yake, aliwafukuza kutoka kwa kamba yake ya nguo, aliwafukuza hata wakiwa hawajafika. Lakini jioni kabla ya kufunga geti alikuwa anawahesabu, akigusa kila kichwa kwa ncha ya fimbo ileile. Siku moja kichwa kimoja kilikosekana, cha mtoto wa fundi wa viatu, yule wa mlango wa pili. Mwenye Ploti hakumwambia fundi kitu. Alitoka mwenyewe na patipati zake miguuni, akatembea mpaka mtaa wa Satellite, akarudi amemshika mtoto sikio. Akafunga geti, akamwambia baba yake kwamba huyu mdudu wako alijaribu kupotea, nimemkataza. Akaenda kupika.

Alikuwa mtu wa kanisa, na si kanisa la kukaa nyuma. Aliimba kwa Kikikuyu kwa nguvu mpaka kuku wakasimama. Akiomba nyumbani aliomba macho wazi. Nilimwuliza siku moja kwa nini, akasema Mungu anamjua kwamba hawezi kuiba, lakini majirani bado anawachunguza. Na alikuwa akigombana na Mungu kama mtu anavyogombana na fundi aliyechelewesha kazi. Mvua ikikawia alitoka nje, akaangalia juu, akasema, "Sasa?" Halafu akarudi ndani.

Sheria yake kubwa ilikuwa juu ya udongo. Mpangaji aliruhusiwa kupanda sukuma, dania, hata maharagwe kidogo kando ya ukuta. Kitu ambacho kitaona Krismasi mbili, hapana. Hakuna parachichi, hakuna mpapai, hakuna ua wa miti. Mbegu ya parachichi ya watoto wa fundi iliwahi kumea yenyewe karibu na mtaro, na kabla haijafika magotini Mwenye Ploti aliing'oa na mizizi yake, akaiweka kwa sahani safi, akaingia kwa fundi wakati wa chakula akaiweka katikati ya meza.  Fundi aliniambia ugali wote ulimkwama.

Sababu ya hiyo sheria nilikuja kuijua baadaye, na kwa njia mbaya.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na migomba. Ilikuwa vishina saba, vimepangana nyuma ya jikoni yake. Haikuwa migomba ya kupendeza. Ilikuwa mifupi, minene, ya rangi kama imepakwa majivu, na ndizi zake zilikuwa za kupika, fupi kama vidole vya mtu wa jembe. Alisema mbegu yake ilitoka juu huko upande wa Limuru, kwa watu wa mama yake, mahali ambapo asubuhi unakuta nyasi ni nyeupe kwa baridi na ng'ombe anatoa moshi puani. Migomba ya watu wengine Kawangware ikifika Julai inajikunja na kuwa ya manjano. Yake ilichomeka pembeni mwa majani tu, ikasimama.

Na hakula ndizi. Hata moja. Mkungu ukikomaa aliukata, akaukokota mpaka mlango wa mpangaji yeyote, akagonga na kusema, "Toa hii takataka hapa, inaniziba njia." Mlango ulikuwa wako na njia ilikuwa yako, lakini ulichukua. Nilimwuliza mbona hali ndizi zake. Alisema alipokuwa mtoto kulikuwa na wakati mbaya, walikula ndizi mbichi za kuchemsha asubuhi na jioni, bila chumvi, mpaka akiona sufuria alikuwa analia. "Sasa kwa nini unapanda?" nikamwuliza. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watu wanajenga nyumba zenye milango.

Sasa hili langu.

Mimi ni mtu wa Magharibi. Mume wangu alipokufa ndugu zake waligawana shamba kabla kaburi halijakauka, nikarudi Nairobi na begi moja. Nilikaa Kibera, Soweto East, mpaka tukahama kupisha maghorofa, nikaja Kawangware na binti yangu Nafula. Nafula akajifungua Neema mle ndani, mlango wa nne, mvua ikipiga mabati hata mkunga hakusikia mtoto akilia, ilibidi amwangalie mdomo.

Katika nyumba ya mama yangu, kitovu cha mtoto kikianguka kinazikwa chini ya mgomba wa nyumbani. Hapo mtoto amepata pahali. Akiulizwa kwao ni wapi kuna jibu, hata kama hajawahi kupaona. Vitovu vya watoto wangu wote viko kule kwa shamba ambalo sasa lina ua wa mtu mwingine. Mimi ni Mkristo, najua pasta akisikia atasema haya ni mambo ya giza. Aseme. Nilifunga kitovu cha Neema kwa pamba, nikakiweka kwa mkebe, nikaanza kutafuta mgomba.

Migomba ya Mwenye Ploti ilikuwa pale, lakini ilikuwa yake. Kumwomba niliogopa, nilikuwa nimesikia habari ya sahani. Nikaamua kupanda wangu kwa siri, nyuma ya bafu, ambapo hakuna mtu anayeangalia kwa sababu ya harufu.

Nilikulia kwa migomba. Nilidhani najua. Kwetu unaweka mtoto wa mgomba kwa shimo, unaenda zako, ukirudi unakuta mkungu. Sikuwahi kupanda mgomba mahali penye baridi, kwa hivyo nilikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza kabisa na sikujua kwamba nimeanza shule. Dada yangu aliyeolewa Busia alinitumia miche mitatu kwa basi. Nikachagua ule wenye majani mapana, mnene, unaong'aa. Ile miwili myembamba nikaitupia mbuzi wa jirani. Nikapanda mwisho wa Mei, kwa ile njia ya maji ya bafu, nikasema hapa hautakosa kunywa.

Juni ikaingia. Mnaoijua baridi ya Kawangware mnajua, jua halionekani, nguo zinakaa kwa kamba siku tatu na bado ziko na unyevu. Mgomba wangu ukaanza kuwa wa manjano. Nikauvalisha gunia. Ukazidi. Nikaongeza ile karatasi ya nailoni iliyokuja na godoro, nikafunga kwa kamba kuanzia chini mpaka juu, na kila asubuhi nikaumwagia maji ya vuguvugu kama namwogesha mtoto. Watu wote walijua, kumbe. Vijana wakipita kwenda bafu walikuwa wanausalimia, niaje ndizi. Mmoja aliniambia, "Shosho, hiyo umeivalisha jaketi poa, sasa imebaki viatu." Na fundi wa viatu akasema kwa sauti kwamba apewe saizi. Nafula aliona haya, akawa anapita upande mwingine.

Asubuhi moja ya Julai nikiwa na sufuria yangu ya maji, nikasikia fimbo nyuma yangu. Mwenye Ploti alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akafunua nailoni, akasukuma shina kidogo tu. Likaanguka. Ndani lilikuwa jeusi, linanuka kama maji ya mtaro.

"Mama Nafula," akasema, "tangu lini unaosha maiti?"

Nilijua nimepewa notisi. Lakini aliniambia nimfuate jikoni, akanimwagia chai ya maziwa, na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi, maana hakuwa mtu wa kugawa maziwa. Hapo ndipo aliponieleza ile sheria. Baba yake alimpa mtu kipande cha kulima viazi vitamu, mtu mpole, mgeni, mwenye watoto. Yule mtu akalima viazi. Mwaka uliofuata akapanda miti kando. Baba yake akaona, akanyamaza, akaona ni uchoyo kumkataza mtu mti. Miti ikakua. Siku wazee walipokuja kuamua mpaka, wakauliza ni nani alipanda miti hii, na yule mtu akasema ni mimi. Kipande kikaenda. "Viazi ni kula," Mwenye Ploti akaniambia. "Mti ni kusema uko kwako. Baba yangu alinyamaza. Mimi sinyamazi."

Halafu akauliza kwa nini nimepanda mgomba badala ya sukuma kama watu wengine. Nilishika kikombe. Mkebe ulikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nikasema nataka mtoto awe na ndizi za kula.

Huo ndio uongo niliomwambia, na nikamaliza chai yake juu ya huo uongo.

Hakunisalimia Agosti yote. Lakini Machi, kabla mvua ndefu haijaanza, aligonga mlango wangu. Alikuwa na jembe mkono mmoja na mche wa mgomba mkono mwingine, mwembamba, majani yake kama panga, hauna hata uzuri. Nikamwambia huu mbona umekonda. Akasema, "Wewe ulichagua kwa macho ukapata nini? Wenye majani mapana umelala kwa maji, hauna kitu chini. Huu umekula kwa mama yake."

Alimwita fundi wa viatu aje asimame. Tukaenda kwa ukuta wa jikoni yake, mwisho wa vile vishina saba, akaonyesha kwa jembe. Akasema mbele ya fundi kwamba huu ni mgomba wake. Mimi nitautunza na mimi nitakula. Nikihama unabaki. "Fundi, umesikia?" Fundi akasema amesikia. "Mama Nafula, umesikia?" Nikasema nimesikia. Ndipo akanipa jembe nichimbe.

Alinifundisha kama anavyofundisha mtu ambaye hapendi kufundisha. Shimo lifike magotini. Mbolea iwe kuukuu, ukiinusa isikujibu. Panda mvua ikianza, ili baridi ikikuta mgomba ikute umeshika. Ukuta wa jikoni ni kwa sababu jiko linawaka nyuma yake asubuhi na jioni, na matofali yanakumbuka. Rundika nyasi kavu chini, lakini zisiguse shina. Wakati wa baridi usinyweshe, mizizi imelala, utaiozesha. Na majani yakichomwa na baridi usiyakate mpaka Septemba. Hilo ndilo lilikuwa gumu kwangu. Nilikuwa naona yale majani ya kahawia yananing'inia kama matambara, nataka kusafisha. Alinikuta na kisu akakichukua. "Hiyo ndiyo blanketi yake. Wewe ukisikia baridi unavua?"

Na watoto wakianza kutoka kando, niache watatu tu kwa kishina. Mama, binti, mjukuu. Wengine wote nitoe, hata wakiwa wazuri, maana wakibaki wote hakuna atakayezaa. Alisema hivyo akiangalia mlango wangu, ambapo Nafula alikuwa anamsuka Neema.

Julai ya kwanza ilikuja na mimi sikufunga kitu, sikumwaga maji, nilikaa tu. Sijui kama mnajua ni kazi gani kukaa tu. Majani yote yalichomeka isipokuwa moja. Mwisho wa Agosti katikati ya ile takataka likatoka jani jipya, limejiviringa kama bomba, kijani kabisa.

Jumapili iliyofuata Mwenye Ploti akiwa kanisani, nilichimba upande wa ukuta, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, nikazika. Neema alikuwa anatembea tayari, na meno yote ya mbele yametoka, na kitovu chake kilikuwa kimekaa kwa mkebe wakati huo wote. Nilirudisha nyasi vizuri. Mwenye Ploti aliporudi alisimama akaangalia lile jani jipya, akasema, "Umeona?" Nikasema nimeona. Nilikuwa na udongo kwa kucha.

Miaka ikaenda. Tulikula ndizi. Mara nyingi nilitaka kumwambia, na kila mara kulikuwa na chai, au kulikuwa na mtu, au alikuwa na hasira, na akiwa hana hasira nilisema mbona nimharibie siku nzuri. Ukikaa na jambo muda mrefu linakuwa kama kiti cha nyumba, unalizunguka tu.

Sijasema juu ya watoto wake. Alikuwa na wavulana wawili na msichana. Wavulana wana vipara sasa lakini aliwaita vijana wangu. Mwaka aliougua akalazwa, alipata woga kwamba watapigania ardhi juu ya maiti yake. Akaita wakili, akaweka kidole. Mwanamke aliyemnyima mtu parachichi la magotini aliwaandikia vijana wake ploti nzima kwa mchana mmoja. Aliniambia haya tukiwa kwa migomba, mimi napalilia, yeye amekalia mtungi uliogeuzwa. "Sasa mimi ni mpangaji kama wewe," alisema. "Nipande nini? Dania?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Baadaye miguu ikavimba, binti yake akamchukua akae naye Satellite. Geti likapata kufuli mpya. Mwanzo wa mwezi huu wavulana wakabandika karatasi kwa ukuta, kwamba nyumba zinavunjwa Jumatatu ya tatu, yanakuja maghorofa, kila mtu atafute. Nafula alitupatia chumba Kibera, Sarang'ombe. Vyombo vyetu ni vichache, havikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba tingatinga likiingia litapitia jikoni, na ni Julai, mwezi ambao mgomba hauguswi. Na hata ungeguswa haukuwa wangu. Nilisema nimesikia, mbele ya fundi.

Alhamisi nikatembea mpaka Satellite.

Nilimkuta sebuleni kwa binti yake, blanketi miguuni, televisheni inaonyesha watu bila sauti. Alikuwa amepungua. Kofia ya sufu ilikuwa kubwa kwake. Aliniuliza kwa nini nimechelewa, na hakuna siku tuliyokuwa tumepatana. Nikaketi. Nikasema, "Mama, kuna kitu nilikuficha."

"Kama ni ile koili ya kupashia maji, nilijua. Bili ya stima ilikuwa inaniambia."

"Si koili."

Nikamweleza. Mkebe, kitovu, Jumapili ile, yote. Sikujitetea kwa maneno ya shamba la mume wangu, alikuwa anayajua. Alinisikiliza akiangalia televisheni. Nilipomaliza alimwita binti yake aizime.

"Kwa hivyo ulinidanganya ukinywa chai yangu."

"Ndiyo."

"Ukapanda mtu kwa shamba langu."

"Ndiyo, Mama."

 Nje kulikuwa na mtu anapiga misumari kwa mabati, akapiga mingi. Kisha Mwenye Ploti akauliza, "Kina gani?"

"Kiwiko."

"Upande gani?"

"Wa ukuta."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Alikuwa anapima. "Hakuna kitovu tena hapo. Usiende ukatafute pamba. Mizizi ilimaliza zamani. Kiko kwa kile kichwa cha mgomba chini ya udongo, kiko kwa mama na binti na mjukuu, kiko kwa udongo."

Nikamwomba awaambie vijana wake wangoje Septemba tu, joto lirudi. Akasema alikuwa amempigia mkubwa simu wiki ile, akamwomba angoje mikungu miwili ikomae. Mkubwa alimjibu vizuri, hakumkosea heshima. Alisema, "Mami, tutakununulia ndizi." Mwenye Ploti alicheka, na kicheko kikawa kikohozi, binti yake akaleta maji.

Alipopumua alinishika mkono, hapa kwa kifundo, na bado alikuwa na nguvu.

"Sikiliza. Mimi sikukuruhusu. Hukuniomba, na mimi sikukuruhusu, hata kwa Mungu nitasema hivyo. Lakini kama unautoa, usiutoe kama mjinga. Kata mashina yote, yabaki urefu wa mkono. Majani usiyahurumie, hayafiki popote. Chimba mbali, hatua moja kila upande. Usiuoshe, usiunyweshe. Huko uendako tafuta ukuta wa mtu anayepika kila siku. Halafu uuache mpaka Septemba, na usiufunge nailoni, nitasikia."

Nikasema nimesikia. Nikamwuliza, na vile vishina vyako saba? Aliangalia televisheni iliyozimwa.

"Hivyo ni vya wenyewe," akasema.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena. Aliuliza kama Neema anajua. Nikasema hajui, ni mtoto, yuko gredi ya nne. Akasema, "Mwambie kabla ya Jumatatu. Mtu asihamishwe kama hajaambiwa. Mimi hawakuniambia."

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona mpaka leo, na sijui kama kutakuwa na nyingine. Nilirudi kwa miguu. Nilipumzika mara mbili njiani, sikuwa nimezoea kupumzika kwa ile njia.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa bado chini. Ploti ilikuwa nusu tupu, milango imeng'olewa, watu wamebeba hata mabati ya bafu. Fundi wa viatu alikuwa ameniazima mkokoteni, na alipoona tunaelekea ukuta wa jikoni aliangalia pembeni kama mtu ambaye hakuwahi kuitwa kusimama popote. Niliwaweka Nafula na Neema mbele ya mgomba, nikamwambia mtoto kila kitu kwa maneno machache. Nafula alinigeukia. Hata yeye sikuwa nimemwambia. Neema aliangalia mgomba, akaangalia tumbo lake, akauliza kama tukikata utaumia. Nikamwambia utaumia na utapona. Halafu nikawaambia hivi, na sikurudia.

"Nafula, shika panga. Neema, leta magunia yote, hata lile la makaa. Chimbeni kwa upana, na asikung'ute mtu mizizi. Udongo wote unaenda Sarang'ombe. Hata ule utakaoshika kwa viatu vyenu, msiufute hapa. Mtaukung'uta tukifika."